Farasi mchanga bila lijamu: hatamu ipi kwa farasi yupi

Tangu anapofikisha miaka miwili na nusu hadi anapokaribia mitano, farasi hubadilisha meno yake yote 24 ya utoto, 12 ya mbele na 12 ya mashavuni. Wengi huwa pia na vijino vidogo mbele ya magego ya juu, karibu kabisa na pale chuma cha lijamu kinapokaa, na madume huota chonge wakiwa na miaka minne au mitano. Ni umri huohuo ambao wengi wetu huku Karen, Lang'ata na Ngong, pande za Nairobi, tunaanza kuwatia tandiko. Fizi zinauma, jino la utoto linacheza juu ya jino jipya linalosukuma kutoka chini, nasi tunataka mdomo huohuo ukisikilize chuma. Kumfundisha kwa pua kwanza, mdomo ukapumzika mpaka ukomae, ni uamuzi wenye akili.

Ugumu huanza ukishaamua. Unakuta hatamu za namna tano, kila moja ina watu wake wanaoiapia. Swali ninalolisikia mara nyingi ni ipi iliyo laini. Mimi naona swali lenye faida zaidi ni jingine: ipi inanyamaza upesi farasi anapotii?

Mambo ya kupimia

Nitazipima zote kwa mizani moja. La kwanza ni mahali shinikizo linapotua. Mfupa wa pua ya farasi ni imara huku juu, lakini kadiri unavyoshuka kuelekea matundu ya pua unapungua mpaka kuwa ncha nyembamba, na baada ya hapo ni gegedu tupu. Tena farasi hapumui kwa mdomo. Pua ndiyo njia yake pekee ya hewa. Kwa hiyo ukanda wa pua ukishuka chini mno, hatamu yoyote ile, hata ya ngozi laini kiasi gani, inamtesa.

La pili, na kwangu ndilo kubwa, ni kuachia. Farasi hajifunzi kwa kuvutwa. Anajifunza pale mvuto unapokoma. Akigeuza pua kidogo na papo hapo ukanda ukalegea, ameelewa. Ukanda ukibaki umekaza hata nusu dakika baada ya mkono wako kulegea, yeye anajua tu kwamba ametii na bado anabanwa. Akirudiwa hivyo siku baada ya siku ataanza kuegemea hatamu, na farasi aliyezoea kuegemea ni kazi ya miezi kumrudisha.

La tatu ni kugeuza: je, ishara ya kulia inafika kulia? La nne ni kusimamisha, hasa akishtuka. La tano ni mambo yetu ya hapa: inapatikana wapi, fundi anaweza kuishona, itastahimili mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba? La sita ni anakoelekea farasi. Kanuni za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, zinaruhusu hatamu zisizo na lijamu katika kuruka vizuizi na katika mbio za masafa marefu, lakini katika dresaji, mchezo wa kuonyesha mwendo na utii wa farasi, lijamu ni lazima. Soma kanuni za shindano lenyewe kabla ya kulipa kiingilio.

Kuna jaribio dogo unaloweza kulifanya kwa hatamu yoyote kabla hujapanda. Mvishe farasi, simama ubavuni mwake, shika kigwe, ile kamba ya kumwongozea, kwa vidole viwili, vuta mpaka uone ukanda unabonyeza manyoya ya pua, kisha achia ghafla. Usitazame mkono wako, tazama pua. Ukanda mzuri hurudi mahali pake mara moja na manyoya yakainuka. Ukiona kamba ya chini ya taya imekwama, au ukanda umebaki umelala upande mmoja, umeshajua tabia ya hatamu hiyo.

Hatamu ya kamba yenye mafundo

Hii saisi, yaani watunza farasi, wengi wanaijua kwa kumwongozea farasi. Kamba moja tu, iliyofungwa mafundo, mawili yakiwa juu ya pua. Shinikizo lake ni la mstari mwembamba na la nukta, hivyo ni kali kuliko inavyoonekana. Kadiri kamba inavyokuwa nyembamba na ngumu ndivyo inavyouma zaidi, na mtu mwenye mkono mzito anaweza kumchubua farasi pua bila kujua.

Kwa kuachia, ni nzuri. Ni nyepesi na haina vipande vya kukwama. Kwa kugeuza ina udhaifu: ukifunga vigwe vyote viwili kwenye kitanzi cha chini ya kidevu, hatamu nzima inazunguka na kamba ya shavu inasogea kuelekea jicho la upande wa pili. Ukiiona imefika hapo, shuka uirekebishe. Walio na vitanzi pembeni mwa pua wana nafuu. Kusimamisha hufanya kazi kwa farasi aliyeshafundishwa ardhini kurudi nyuma na kupinda shingo. Kwa asiyefundishwa ni kamba tu.

Kuipata ni rahisi kuliko zote. Kamba ya milimita 6 yenye urefu wa mita sita au saba inatosha, na saisi mwenye mkono mzuri ataifunga mwenyewe asubuhi moja. Epuka katani, inakwaruza. Matope hayaidhuru, unaifua na kuianika. Lakini kamba haikatiki. Usimfunge nayo mlingotini, wala usimwachie malishoni akiwa ameivaa, maana akinasa kwato au tawi atavunjika yeye kabla ya kamba.

Inamfaa anayefanya kazi nyingi ardhini na anayepanda kwa muda mfupi ndani ya uwanja uliozungushiwa ua. Haimfai mpandaji anayejishikilia kwa vigwe.

Saidipuli

Hii ni hatamu ya kawaida iliyoondolewa lijamu, na vigwe vikafungwa kwenye pete mbili pembeni mwa ukanda wa pua. Shinikizo liko juu ya pua na ubavuni mwake, limetandaa kama ukanda ni mpana wa sentimita mbili na nusu hivi na umewekewa kitambaa laini ndani. Kuna wanaotengeneza ukanda huo kwa kamba ngumu ya kusuka. Hiyo ina makali ya hatamu ya mafundo, usidanganywe na jina.

Inaachia upesi, mradi ukanda wa chini ya taya usikazwe sana wala usilegezwe mpaka hatamu yote ikavutika na kuzunguka. Kugeuza ndiko inakoshinda. Ukifungua mkono wa kulia, pua inakwenda kulia. Mtoto wa farasi ambaye hajui lolote anaielewa siku ya kwanza. Nimewatazama wengi wakigeuzwa mara ya kwanza kwa saidipuli na sikio la upande wa ndani hugeuka kabla hata pua haijafika, ishara kwamba amelipokea swali bila hofu.

Kusimamisha ni udhaifu wake. Haina nguvu ya ziada. Farasi akiamua kuegemea kwa uzito wake wote, ataegemea, na utabaki na mikono inayouma. Kwa hiyo kabla ya kutoka uwanjani, mfundishe kupinda shingo kwa kigwe kimoja mpaka miguu ya nyuma ivuke na asimame. Mfundishe kutoka upande wa kushoto na wa kulia pia, kwa utulivu, mara nyingi, wakati hakuna dharura.

Fundi wa ngozi wa soko la Kariokor, Nairobi, aliyezoea viatu na mikanda, anaweza kukushonea ukimpelekea sampuli ya hatamu ya zamani. Kagua mshono unaoshika pete, vuta kwa nguvu zako zote kabla hujalipa, na dai pete iliyochomelewa, si ile ya waya uliokunjwa tu. Ngozi hushika ukungu msimu wa mvua. Ifute jasho kila ukimaliza na itundike mahali penye hewa.

Inamfaa farasi anayeanza kabisa, na inamfaa farasi atakayehamia lijamu baadaye, kwa sababu mkono wa mpandaji unafanya yaleyale. Ndiyo pia inayosamehe zaidi makosa ya mkono.

Hatamu ya kupishana

Katika hii, kigwe cha kulia kinapita kwenye pete ya pua upande wa kulia, kinakwenda chini ya taya, kinavuka upande wa kushoto, kinapanda shavuni hadi nyuma ya masikio. Cha kushoto kinafanya vivyo hivyo, ndiyo maana vinapishana. Daktari wa mifugo Robert Cook aliieneza sana kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo wapo watengenezaji wengi.

Shinikizo linagawanyika kichwa kizima: pua, taya, shavu, utosi. Hakuna mahali pamoja panapobeba yote, na farasi wengine wenye pua nyepesi hupumua kwa raha wakiivaa. Kugeuza hufanyika kwa kusukuma shavu la upande wa pili badala ya kuvuta pua. Farasi mchanga anahitaji siku kadhaa kuielewa, lakini akiielewa anageuza kichwa kizima bila kukipindisha ovyo. Kusimamisha kuna uzito zaidi ya saidipuli, kwa kuwa utosi na taya vinashirikishwa.

Kuachia ndiko kunakonitia wasiwasi. Kanda mbili zinapita kwenye pete, zinavuka chini ya taya, zinasuguana na manyoya yenye jasho. Ngozi ikiwa mpya, au ikilowa na kukauka bila mafuta, haitelezi. Fanya lile jaribio la vidole viwili. Mara nyingi utaona kanda zimebaki zimebana, na lazima farasi mwenyewe atikise kichwa ndipo zilegee. Kuna zilizotengenezwa kwa kanda laini za mviringo au za plastiki iliyofunika nailoni, nazo huteleza vizuri zaidi na haziogopi mvua. Ukichagua namna hii, chagua hizo.

Fundi asiyewahi kuiona atahangaika na vipimo, kwa hiyo wengi huinunua ikiwa imekamilika. Inamfaa mpandaji mtulivu anayekwenda msituni na kuhitaji usimamishaji wa uhakika zaidi kidogo, na farasi ambaye shinikizo la pua peke yake linamkera. Haimfai anayependa kushikilia vigwe vimekaza muda wote.

Bosali

Hii ndiyo hakamoa, yaani hatamu isiyo na lijamu, ya asili ya wachunga ng'ombe wa California, waliorithi ufundi wao kwa Wahispania. Kwao farasi alianzia bosali, akapita kipindi cha kubeba bosali nyembamba na lijamu kwa pamoja, ndipo akabaki na lijamu peke yake. Ilikuwa kazi ya miaka, na ilikwenda sambamba na kukomaa kwa meno.

Bosali ni pete ya ngozi mbichi iliyosukwa, yenye fundo zito kwa chini, inayozunguka pua na taya. Vigwe vyake, mekate, ni kamba moja ya singa ya mita 6 na nusu hivi inayofungwa juu ya lile fundo, na mkia wake hubaki kwa kumwongozea farasi. Kwa farasi mchanga unene wa milimita 16 ni wa kawaida. Kiini chake kiwe cha ngozi pia. Zipo zenye waya wa chuma ndani. Ukiikunja bosali kwa mkono ikakataa kabisa kupinda, iache hapohapo dukani.

Kuachia kwake hakuna mfano. Uzito wa fundo unaishusha bosali kutoka kwenye taya sekunde ileile mkono unapolegea, na farasi anausikia mwendo wa fundo hata kabla hujavuta. Sauti ya chini kabisa ya mkono inamfikia. Lakini yote hayo yanategemea mpandaji ajuaye kuomba kwa kigwe kimoja na kuachia, kuomba na kuachia. Ukivuta vigwe vyote viwili kwa pamoja na kushikilia, bosali inaminya mifupa ya taya pande zote mbili, na farasi atainua pua aondoke na wewe. Kugeuza ni kuzuri ukifungua mkono mbali na shingo, kuzuri zaidi akishajua kugeuka kwa kigwe kinachogusa shingo. Kusimamisha kunatoka kwenye mafunzo, si kwenye nguvu.

Kwa Nairobi ni ngumu kuipata. Mara nyingi huagizwa nje. Mpya lazima itengenezwe umbo la pua ya farasi wako, ikifungwa kwenye kibao siku kadhaa. Mvua huilainisha mpaka ikapoteza umbo. Panya na mbwa wanaipenda kama nyama, kwa hiyo itundike juu, mbali na mlango wa ghala. Halafu kuna jambo zito kuliko hayo yote: utahitaji mtu wa kukuonyesha. Bosali bila mwalimu ni kifaa kizuri kilichopotea njia.

Hakamoa ya chuma

Ina mikono ya chuma pembeni, na mnyororo au ukanda chini ya taya. Ukivuta, mikono inazidisha nguvu yako, pua na taya vinabanwa kwa pamoja na utosi unavutwa chini. Kusimamisha ndiko kunakoifanya ipendwe, na warukaji vizuizi wazoefu huitumia vizuri kwa farasi waliokwisha fundishwa. Inaachia upesi kiasi, kwa kuwa mikono huanguka yenyewe. Inapatikana, na chuma hakiogopi matope.

Lakini kugeuza karibu hakuna. Ukivuta kulia, hatamu nzima inakaza kote, na farasi mchanga hawezi kujua ameulizwa nini. Mikono mirefu ikiwa kwenye mkono usiotulia inaweza kuumiza sana pua. Zile zenye mikono mifupi, au zenye kigurudumu kidogo chenye mashimo pembeni, ni za wastani na zinaweza kufungwa vigwe mahali pasipo na nguvu ya ziada. Hata hizo ningeziacha kwa farasi anayejua tayari kugeuka kwa kiti na mguu. Kwa anayeanza, hapana.

Namna ya kuivisha

Haijalishi umechagua ipi. Tafuta kwa kidole ule mfupa mrefu unaojitokeza shavuni, ufuate mpaka unapoishia, kisha shuka vidole viwili. Ukanda wa pua ukae hapo. Bonyeza pua taratibu chini ya ukanda: ukihisi inabonyea, umeshuka kwenye gegedu, pandisha. Vidole viwili vipite kati ya ukanda na mfupa wa pua, mbele, si pembeni ambako kila ukanda unaonekana umelegea. Baada ya kupanda, pitisha kiganja chini ya taya na juu ya pua utafute joto, uvimbe au manyoya yaliyokatika. Saisi ndiye anayeona hivi mapema kuliko wote kwa kuwa ndiye amsuguaye kila siku; muulize, na umsikilize akikuambia kuna kitu.

Ukikutana na farasi anayetikisa kichwa au kukataa upande mmoja, usikimbilie kubadilisha hatamu. Muite daktari atazame meno na mgongo, kagua tandiko, ndipo urudi kwenye kichwa.

Kulingana na hali yako

Farasi wa miaka mitatu, hajawahi kupandwa, yuko kwa mtu mwenye subira: anza na hatamu ya kamba ardhini, mpandie saidipuli. Sioni sababu ya kutafuta zaidi mwaka wa kwanza.

Farasi aliyetoka kwenye uwanja wa mbio wa Ngong Road, Nairobi, akiwa na miaka minne: huyo amefundishwa kuegemea kigwe na kuongeza kasi. Ukimvutia kwa muda mrefu, atadhani unamwambia akimbie. Ukiwa na mwalimu wa bosali, huyu ndiye atakayefaidika nayo, kwa sababu hakuna cha kuegemea. Usipokuwa naye, tumia saidipuli ndani ya ua, kazi nyingi ya kutembea na kupinda, mchakamchaka mfupi, shoti baadaye sana.

Unapanda pembezoni mwa barabara, bodaboda zinapiga honi na lori la mchanga linapita: hatamu yoyote hapa itakuangusha kama farasi hajui kusimama kwa sauti na kiti. Akishajua, hatamu ya kupishana yenye kanda zinazoteleza inakupa akiba kidogo. Mwezi wa kwanza toka na farasi mzee aliyetulia akiwa upande wa barabara. Kwenye Msitu wa Ngong Road, ambako tumbili hurukaruka juu na ngiri huchomoka vichakani, ushauri ni uleule.

Farasi anapandwa na watu kadhaa wenye mikono tofauti: saidipuli ya ngozi pana, na hakamoa ya chuma ifungiwe ghalani asije mtu akaichukua kwa kuwa farasi "amekuwa mgumu".

Unalenga kuruka vizuizi: unaweza kuendelea bila lijamu, ukianza na saidipuli, na ukifika kwenye vizuizi vikubwa utajua kama unahitaji kitu chenye nguvu zaidi.

Unalenga dresaji: utamtia lijamu siku moja, basi panga mapema. Akikaribia miaka mitano na daktari akisema mdomo umetulia, mvishe lijamu lisilo na vigwe ndani ya saidipuli yake ya kila siku, alibebe tu akitembea. Kisha ongeza vigwe vya pili, uombe kwa pua kwanza na mdomo baadaye, ukihamisha kazi kidogo kidogo mpaka vigwe vya pua vikawa vya kupumzika.